Mwenyekiti wa mtaa anatuwakilisha wapi hasa? Ombi letu la kivuko linaishia kata tu

mkazi_bondeni

Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa wanaojua haya mambo ya serikali za mitaa maana huku kwetu tumefika mahali tunazungushwa tu na hatujui tena tumshike nani.

Niko Dar, mtaa wetu uko kandokando ya mto, jina nitaliacha kwanza. Kuna kivuko cha miguu kinachotuunganisha na ng'ambo ambako ndiko kuna shule ya msingi na zahanati. Walikijenga wananchi wenyewe miaka ya nyuma kwa nguzo za umeme chakavu na mbao, sasa mvua za masika zimekula kingo ya upande wetu mpaka nguzo moja inaning'inia, chini yake hakuna udongo kabisa. Ikinyesha usiku basi asubuhi utakuta akina baba wamesimama kwenye maji wanapokezana watoto mmoja mmoja na mabegi yao kichwani, na mjamzito ikibidi aende kliniki inabidi azungushwe na bodaboda mpaka barabara kubwa, nauli ya kwenda na kurudi ni hela ya mboga ya siku mbili.

Tumelalamika kwa mwenyekiti wa mtaa, anasema ameshalipeleka kata. Diwani alikuja akaona kwa macho yake, akasema liko halmashauri. Tukatuma watu wawili halmashauri, wakaelekezwa ofisi nyingine, huko nako wakaambiwa kile si mali yao kwa hiyo hawawezi kukitengea pesa. Mwenyekiti mtu mzuri tu, hatuna ugomvi naye, ila ukimuuliza sasa kinachofuata nini anakwambia tuvute subira.

Sasa nauliza kwa nia njema kabisa. Mwenyekiti tuliyempigia kura anakaa kikao gani huko juu, ana kura wapi? Mtaa una bajeti yake au hauna? Na hapa mtaani tumegawanyika, kuna wanaosema tuunde kamati yetu ya wakazi twende moja kwa moja kwa mkurugenzi, wengine wanasema tuombe mtaa ugawanywe maana umekuwa mkubwa mno na upande wa bondeni hatusikiki. Njia ipi ina maana?

---

Fundi Selemala

Mkuu pole sana. Kwa kifupi mwenyekiti wa mtaa hana bajeti. Hana hata mia. Anapata posho tu, na posho yenyewe ikichelewa anakaa kimya kama nyinyi mnavyokaa kimya. Anayelipwa mshahara pale ofisini ni mtendaji wa mtaa ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri. Kwa hiyo msimkabe sana mzee wa watu.

---

mama_wa_kamati

Mdogo wangu nimekusoma mpaka mwisho, ngoja nikujibu kwa kirefu kidogo maana mimi nimekaa kwenye kamati ya mtaa muhula mzima kwa nafasi za wanawake, haya unayoyasema nimeyaona kwa ndani.

Mwenyekiti wenu kikao chake cha juu kabisa ni Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile watu wanaita WDC. Pale diwani ndiye mwenyekiti, mtendaji wa kata ndiye katibu, na wenyeviti wa mitaa yote ya kata ni wajumbe. Hapo ndipo safari yake inapoishia. Kwenye Baraza la Madiwani hayumo, wanaokaa kule ni diwani wa kila kata, madiwani wa viti maalum na mbunge wa eneo, na meya wanamchagua wao kwa wao, wala si sisi. Mkurugenzi anateuliwa na Rais na ndiye katibu wa baraza. Kwa hiyo ukiangalia, sauti ya mtaa inaingia mjini kwa mlango mmoja tu, mlango wa kata, na kama haikupita pale imepotea, hata mkienda kwa mkurugenzi mia nzima atawaambia haya mambo yameanzia kikao gani.

Sasa sikiliza hapa ndipo penye kazi. Mwenyekiti anaposema "nimeshalipeleka kata" muulize kwa heshima, umelipeleka kwa mdomo au kwa maandishi? Mimi nimekaa kwenye vikao vile, mwenyekiti anasimama kwenye mengineyo saa nane mchana watu wana njaa anasema waheshimiwa na sisi tuna kivuko chetu kibovu, wote wanasema kweli kabisa, kikao kinafungwa. Ukija kufungua muhtasari baadaye utakuta mstari mmoja, "Mtaa fulani ulilalamikia miundombinu." Basi. Hiyo haiwezi kugeuka kuwa mradi kwa sababu ofisa mipango akisoma hajui ni barabara, ni mtaro, ni daraja, wala iko wapi.

Kwetu tulikuwa na tatizo la choo cha shule, lilizunguka hivyohivyo muda mrefu, mpaka alipokuja mtendaji mpya wa mtaa, binti mdogo tu, akatukalisha kamati nzima akaandika muhtasari upya tukiwa tumemzunguka: shule ina wanafunzi wangapi, matundu yanayofanya kazi mangapi, wasichana wangapi, wananchi wamekubali kuchangia nini, nani alitoa hoja, nani aliunga mkono, wangapi wamehudhuria na sahihi zao kurasa mbili. Ule muhtasari ukaambatishwa kata, WDC wakajadili kama ajenda namba fulani siyo mengineyo, wakaweka kipaumbele, ukaenda halmashauri. Bajeti iliyofuata tulikuwemo. Hatukugombana na mtu, hatukuandamana.

Kwa hiyo ushauri wangu, itisheni mkutano wa mtaa. Mkutano wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, siyo kamati peke yake. Watu wanaudharau ule mkutano wanadhani ni wa kugawiwa tangazo la usafi, wakati ndiyo sehemu pekee ambayo wewe mwenyewe ni mjumbe bila kuchaguliwa na mtu. Hapo ndipo mapato na matumizi yanasomwa na hapo ndipo vipaumbele vinapangwa, zamani walitufundisha ule utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, mtaa unakaa unaorodhesha shida zake kisha unazipanga, hii kwanza, hii pili. Siku hizi mitaa mingi haifanyi, inanakili orodha ya mwaka jana.

Na angalieni kalenda jamani! Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 lakini kufikia Julai mambo yote yameshaamuliwa zamani. Madiwani wanapitisha rasimu ya bajeti mwanzoni mwa mwaka, Januari na Februari hapo, ndipo iende juu mpaka Bungeni. Maana yake ombi la mtaa linatakiwa liwe limepita kata Oktoba, Novemba hivi. Sisi wa mabondeni huwa tunapiga kelele Aprili mvua zikishatupiga, na Aprili ndiyo mwezi ambao hakuna mtu mwenye uwezo wa kuingiza kitu kipya. Mvua ikiisha na sisi tunanyamaza, msimu wa kusikilizwa unapofika hatupo.

---

Ng'wana Kati

Mama amesema vizuri ila mimi naomba niongeze upande wa pili maana tukiishia kwenye muhtasari tutakuwa tunamwambia mwananchi kosa ni lake kwa kutojua kuandika.

Tatizo lipo kwenye muundo. Linganisha mtaa na kijiji. Halmashauri ya kijiji ni chombo kinachotambulika kisheria, inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, inatunga sheria ndogo, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasimamia ardhi yake. Sasa njoo mjini, mtaa hauna kitu hata kimoja katika hivyo. Mtaa wenye watu elfu kumi na zaidi mjini una nguvu ndogo kisheria kuliko kijiji cha kaya mia tatu. Mtu akihamia mjini anapungukiwa uwakilishi, hili nimelisema sehemu nyingi na nitaendelea kulisema.

Halafu jiji lenyewe limetikiswa sana, wengine mnasahau. 1972 serikali za mitaa zilifutwa nchi nzima, zikarudishwa mijini 1978 na sheria zake kubwa zikaja 1982. Hapa Dar halmashauri ya jiji ikavunjwa 1996 ikawekwa Tume, mpaka 2000 ndipo tukapata Ilala, Kinondoni na Temeke na jiji juu yake. Baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni, na Februari 2021 lile jiji la juu likavunjwa na Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo jiji. Katika yote hayo wakazi wa mitaa waliulizwa lini? Mto Msimbazi unapita kwenye manispaa zaidi ya moja, upande huu diwani wa huku, upande ule diwani wa kule, na hakuna baraza moja la kuchaguliwa linalokaa kuzungumza mto mzima.

Na jambo la tatu, watu hawataki kulisema ila tuliseme kwa ustaarabu. Mgombea binafsi haruhusiwi, lazima udhaminiwe na chama. Uchaguzi wa serikali za mitaa unasimamiwa na TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali kuu inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, siyo Tume ya Uchaguzi. 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa na wagombea wengi wakapita bila kupingwa, na Novemba 27, 2024 chama kimoja kikachukua zaidi ya asilimia 98 ya nafasi. Sisemi mwenyekiti wa chama fulani hawezi kufanya kazi, wapo wanaofanya vizuri sana. Nasema mwenyekiti asiyekuwa na mshindani anamuangalia aliyempitisha kuliko aliyempigia kura. Mtu kama huyo ndugu mkazi_bondeni akisimama kwenye mkutano akasema tunataka majibu, anaonekana amevaa jezi ya upande mwingine, kumbe anataka mtoto avuke mto.

---

mama_wa_kamati

Ng'wana Kati mwanangu hayo ya muundo nakubaliana na wewe, hasa hilo la kijiji, linauma kweli. Ila huyu ana nguzo inaning'inia leo. Sheria tuidai, na muhtasari tuuandike, yote kwa pamoja.

Na kwenye hilo la uchaguzi naomba niseme moja. 2024 uandikishaji ulikuwa Oktoba 11 mpaka 20 na lilikuwa daftari la mtaa, siyo lile la kudumu la wapiga kura. Mtaani kwangu majirani kibao walikaa nyumbani wanasema mimi kadi ninayo. Ile kadi haikuwa na kazi siku ile. Hata hapa najua kuna mtu anasoma ndiyo anajua leo. Na ukifika chumbani unapewa karatasi ya mwenyekiti na za wajumbe, kundi mchanganyiko na wanawake, wengi wanajua mwenyekiti tu wanaacha wajumbe wanaingia hivihivi, wakati wajumbe ndio wanaoweza kumwambia mwenyekiti hili tuliandike.

---

mkazi_bondeni

Nashukuru sana mama, na Ng'wana Kati nimekuelewa. Kuhusu muhtasari kwa kweli sijawahi hata kuuona, nitaomba. Kuna mtu anajua lile la "si mali yetu" tunalitatuaje? Maana hata tukiandika vizuri kama kivuko hakina mwenyewe si tutarudi palepale?

---

kaunda_nairobi

Habari zenu ndugu zetu, nawasoma kutoka Nairobi na naona mnazungumza kitu ambacho sisi hatuna kabisa, nikaona niseme.

Huku baada ya Katiba ya 2010 tuna kaunti, Nairobi imegawanywa wadi 85 na kila wadi ina MCA wake anayekaa bunge la kaunti. Hesabu ya watu ya 2019 ilitupa milioni 4.4 hivi, ukigawanya unapata kama watu 52,000 kwa kila MCA. Nimeangalia yenu, sensa ya 2022 Dar ilikuwa na watu 5,383,728, na kata nimesikia ni 102. Gawanya, inakuja vilevile karibu 53,000. Kwa hivyo diwani wenu na MCA wetu wanabeba mzigo mmoja.

Tofauti iko chini. Chini ya MCA sisi hatuchagui mtu. Kuna chifu na naibu wa chifu, hao wameajiriwa na serikali kuu. Kuna msimamizi wa wadi, huyo ameandikwa kazi na kaunti. Nyumba Kumi, ule utaratibu wa majirani kuangaliana kwa makundi, ililetwa 2013 na tunajua wazi ni kitu tuliazima kwenu, lakini huku ni ya usalama zaidi, si ya kupanga maendeleo. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 ilitaja hata mabaraza ya vijiji lakini mimi kwenye mtaa wangu sijaona hata kivuli chake. Mtaa wangu ukiwa na shida ya mfereji tunaunda chama cha wakazi, wenye nyumba wanachanga, tunaandika barua, tunaajiri hata wakili. Mahali penye wenye pesa hiyo inafanya kazi vizuri sana. Mtaa wa mabanda ulio ng'ambo ya reli hauna chama kama hicho, na wao ndio mafuriko huwapata kwanza.

Kwa hivyo ndugu kabla hamjaanzisha kamati yenu ya kando, fikirieni. Nyinyi tayari mna mtu mliyemchagua wa mtaa na mkutano unaotambulika na sheria. Sisi kitu kimoja tunachowashinda ni kwamba kaunti lazima iitishe ushirikishaji wa umma kabla ya bajeti kupita, la sivyo mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani bajeti isimamishwe. Imeshatokea sheria na bajeti kupelekwa kortini kwa sababu hiyo. Hiyo fimbo mngekuwa nayo mngefika mbali.

---

Bi Mwanakheri

Na huku Zanzibar sheha, yaani kiongozi wa shehia, hachaguliwi, anateuliwa na Mkuu wa Mkoa. Diwani tunamchagua lakini mtu wa karibu na mlango wako ni sheha, na ukitaka barua yoyote unapita kwake. Kwa hiyo nyinyi wa bara mkisema mwenyekiti hana nguvu, basi angalau kura mnampigia. Sisi sheha akikupuuza unasubiri mpaka waliomteua waone vyengine.

---

mpimaji_mstaafu

Swali la mkazi_bondeni la mwenye mali ndilo swali kubwa zaidi kwenye mada hii, naomba nilijibu taratibu kwa sababu nimefanya kazi halmashauri mbalimbali nikiwa kwenye upande wa barabara kabla sijastaafu.

Zamani barabara za mitaa zilikuwa za halmashauri, mhandisi alikuwa chini ya mkurugenzi na diwani akipiga kelele barazani mhandisi anajibu palepale. 2017 ikaanzishwa TARURA, wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini, barabara hizo zikahamia huko. Kwa utaalamu imesaidia, mimi siwezi kubisha, pesa ya barabara haichotwi tena kwenda kununulia mafuta ya gari la mtu. Ila kwa uwakilishi imeleta shimo: wananchi bado wanamdai diwani barabara, na diwani siyo bosi wa anayezitengeneza. Anachoweza ni kuhoji mpango wao unapoletwa kwenye vikao vya madiwani, basi. Kwa hiyo diwani wako anaposema lipo halmashauri inawezekana anasema kweli kwa jinsi anavyojua, ila haliko mahali panapotoa pesa.

TARURA wanafanya kazi na mtandao wa barabara uliosajiliwa. Barabara yenye namba, urefu, hali yake. Kivuko cha wananchi juu ya mto kwenye njia ya miguu ambayo haimo kwenye mtandao, kwa mhandisi hakipo duniani. Siyo roho mbaya, hana mahali pa kukiandika kwenye mpango wake. Kwa hiyo ombi lenu la kwanza lisiwe "tujengewe kivuko", liwe njia ile itambuliwe na iingizwe kwenye mtandao, na hilo linaanzia kwenye mkutano wa mtaa, linapita WDC, linapita kwa madiwani, na lije na kitu mkononi. Kitu gani? Mchoro wa upana wa mto pale (pimeni kwa kamba kiangazi, hakuna gharama), picha za masika na za kiangazi, idadi ya wanafunzi wanaovuka kutoka kwa mwalimu mkuu kwa barua yenye mhuri wa shule, na barua ya mganga wa zahanati kama anakubali. Mwalimu mkuu anawasaidia kuliko mnavyodhani, kwa sababu shule ni ya halmashauri moja kwa moja na utoro ni takwimu inayosomwa kwenye kamati ya huduma za jamii. Hapo kivuko kinakuwa suala la elimu, na diwani anapata mlango wa pili wa kukiingiza.

La pili, mto wenyewe. Umesema masika imekula kingo. Niambie ukweli, hapo juu yenu kuna watu wanachimba mchanga? Maana mito ya Dar karibu yote inapanuka kwa sababu hiyo, mchanga unachotwa kitandani mwa mto, maji yanashuka kwa kasi, yanatafuna ukuta. Mkijengewa kivuko cha milioni kadhaa leo na malori yakaendelea kupakia mita mia mbili juu yenu, nguzo mpya nayo itaning'inia. Mito hiyo iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, siyo halmashauri, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Hapo naomba muwe waangalifu sana maana kifungu hichohicho kinaweza kugeuzwa kuwaambia nyinyi wa bondeni mhame. Zungumzeni kwanza nani nyumba yake iko ndani ya mita 60 kabla hamjaandika barua ya kudai sheria ifuatwe. Nimeona mtaa ukiomba mtaro ukaishia nyumba zake kuwekewa alama ya X ya kubomolewa.

Kuhusu kugawanya mtaa, msipoteze nguvu hapo kwa sasa. Pendekezo linapita mkutano wa mtaa, WDC, baraza, kamati ya ushauri ya wilaya, ya mkoa, halafu TAMISEMI. Ni miaka. Na mkishagawanywa mtakuwa na mwenyekiti wa pili asiyekuwa na bajeti.

---

mkazi_bondeni

Mzee umenigusa hapo kwenye mchanga. Ni kweli, wanachimba, na wengine ni vijana wetu wa hapahapa mtaani, ndiyo kazi yao. Na nyumba za ndani ya hizo mita 60 ni nyingi, hata ya bibi yangu imo. Kwa hiyo nimeona kwa nini mwenyekiti anakwepa kuliandika, anajua akiliandika lote linaibuka na haya mengine. Sikuwa nimemfikiria hivyo.

---

mama_wa_kamati

Sasa umefika kwenye shina mdogo wangu. Mwenyekiti wa mtaa anakaa na watu, wachimba mchanga ni wapiga kura wake na watoto wa kuvuka ni wapiga kura wake. Ndiyo maana hili haliwezi kuwa barua yake peke yake, likiwa lake peke yake litamvunja. Likiwa azimio la mkutano mzima analo la kusimamia, akifika WDC anasema siyo mimi, ni mkutano wa wakazi mia mbili na kumi na sahihi hizi hapa.

Hao vijana waiteni kwenye mkutano huohuo, msiwaseme wakiwa hawapo. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi, fomu za vikundi zinaanzia ofisi ya mtaa na kata. Sisemi itawatoa wote mtoni. Lakini mtu ukimwambia acha lazima umwonyeshe pa kwenda.

---

Fundi Selemala

Mimi naweza kuja kuwapimia na kuwachorea makadirio ya mbao na vyuma kama mko upande wa Temeke au Ilala, bure, nitumie ujumbe. Mkisema wananchi watachangia mawe na nguvu kazi mtoe na hesabu ya kweli, siyo "tutachangia" tu. Halmashauri nyingi zinamalizia kitu ambacho wananchi wamekianza, yale maboma ya madarasa mengi yalikwenda hivyo.

---

Ng'wana Kati

Na mkutano wa baraza ni wa wazi kisheria, mwananchi anaruhusiwa kukaa kusikiliza. Siku diwani wenu atakapopeleka hilo, watu ishirini wa bondeni mkae kwenye viti vya nyuma kimya kimya na nguo safi. Diwani anayejua watu wake wamekaa nyuma yake anazungumza tofauti.

---

mkazi_bondeni

Wakuu asanteni sana, Fundi nakutumia ujumbe sasa hivi. Nimezungumza na mwenyekiti leo jioni kwa simu, amekubali mkutano Jumapili ijayo baada ya ibada na amesema mwenyewe ataenda kuwaambia vijana wa mchanga waje. Mtendaji ndiye ataandika. Swali la mwisho kwa mama au mzee mpimaji: muhtasari ukishasainiwa nani anaupeleka kata, na sisi wananchi tunaruhusiwa kubaki na nakala?

---

mpimaji_mstaafu

Anaupeleka mtendaji wa mtaa kwa mtendaji wa kata, kwa barua ya kuambatisha. Nakala ombeni, ni haki kuujua uamuzi wa mkutano mliohudhuria, na akisita mwambieni mwenyekiti abandike kwenye ubao wa matangazo mpige picha. Siku ya kuupeleka mjumbe mmoja wa kamati aende pamoja naye, nakala ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe pale kata. Hiyo nakala yenye mhuri msiiache ofisini, akae nayo mtu mmoja mnayemwamini na wa pili awe na picha yake kwenye simu, kwa sababu WDC ikikaa Oktoba na watendaji wakawa wamehamishwa, ndiyo itakayowaanzishia ajenda.